Dereva Konokono ni Mimi: Yaliyotokea Ndani ya Motohomu ya Staa Wetu Kule Marekani

Wadau, nianze na hili ili tusisumbuane huko chini: jina la staa SIMTAJI. Msije kwenye komenti na herufi za kwanza za jina wala emoji za kuashiria, sitajibu. Meneja wake simtaji, na kampuni iliyotukodisha gari siitaji. Ila ile klipu ya sekunde 40 iliyozunguka sana mwaka jana, ile ambayo staa kajilaza kitanda cha juu anaongea kwa kunong'ona, "wanangu tumepewa dereva konokono, hata bibi vizee wanatupita," huyo konokono ni mimi. Kile kisogo chenye kofia ya bluu ni cha kwangu.

Mlicheka sana, na mimi nilicheka kidogo. Kilichoniudhi ni mama. Jirani yake wa Tabata alimwonesha, akanipigia usiku wa manane kwa saa za huku kuniuliza kama siku hizi macho yananisumbua. Mama mwenyewe hajawahi kuendesha hata baiskeli. Kwa hiyo leo naeleza, na nikieleza nitaeleza na mambo ya gari. Anayetaka umbea mtupu atanivumilia.

Nipo Dallas mwaka wa tisa. Naendesha lori la kusambaza bidhaa, mwaka wa sita sasa, na leseni yangu ni ile ya magari makubwa. Jamaa yangu mmoja anaandaa shoo za watu wetu huku: Watanzania, Wakenya, Wakongo, Warundi, yeyote ambaye Kiswahili kikisikika kwenye spika anainuka kwenye kiti. Akanipigia. Kuna staa anakuja, shoo tatu, Dallas, Denver na Salt Lake City, jumla mtakuwa saba na wewe ukiwemo, na wameamua kutembea na motohomu. Wamarekani wanaita RV. Kwa nini wasipande ndege? Tiketi za watu sita na mizigo yao zilikuwa zinaumiza, hiyo ni sababu moja. Ya pili meneja aliisema mwenyewe bila aibu: motohomu inapendeza kwenye kamera.

Na kweli inapendeza. Kwa ambaye hajaiona, fikiria nyumba ya chumba na sebule imekalishwa juu ya chasisi ya gari la mizigo. Ndani kuna vitanda, jiko la gesi, friji, choo, bafu, tenki la maji safi na tenki la maji ambayo sitayaelezea. Yetu ilikuwa na urefu wa futi 30, mita 9 na kidogo, na kutoka chini hadi paani kama mita 3 na nusu. Uzito unaoruhusiwa ikiwa imejaa ni pauni 14,500, karibu kilo 6,600. Hizo ni kama Harrier nne zimefungwa kamba pamoja.

Sasa hapa ndipo watu wanapodanganyika. Majimbo mengi ya Marekani, kama gari lako la starehe halijavuka pauni 26,000, unaliendesha kwa leseni ya kawaida tu. Mtu jana alikuwa na kigari cha kwendea dukani, leo anapewa ufunguo wa nyumba, anaoneshwa namna ya kumwaga choo, kisha anaambiwa safari njema. Viti viwili vya mbele vinafanana na vya gari dogo, usukani mwepesi, gia otomatiki. Ukikaa pale unasahau kabisa kilichopo nyuma yako.

Ugomvi wa kwanza ulikuwa kabla hata hatujatoka Dallas. Vituo vikubwa vya malori huku vina mizani, unalipa dola chache unapewa karatasi ya uzito kwa kila ekseli. Nikaipitisha motohomu. Watu saba, mabegi ya nguo za shoo, makreti ya vinywaji, tenki la maji limejaa (galoni 40 za maji peke yake ni kilo 150), na spika mbili kubwa za besi ambazo DJ alizikodi bila kumwambia mtu. Tumezidi. Sio sana, ila tumezidi, na zile spika zimewekwa mkiani kabisa, nyuma ya ekseli ya nyuma. Mkia ukielemewa pua inakuwa nyepesi, na usukani unakuwa kama unaogelea. Nikasema spika zinabaki na maji tunapunguza, Denver ukumbi una spika zake. DJ akanuna mpaka Amarillo. Staa akauliza, kwa upole kabisa niseme ukweli, "Bro, kwani wewe ni trafiki?"

Ugomvi wa pili ni matairi, na huu nitaukalia kidogo maana unamhusu hata anayepanda daladala ya Mbagala. Ubavuni mwa tairi kuna mstari wa herufi unaoanza na DOT. Angalia mwisho wake, kuna tarakimu nne. Mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Ukiona 2319, tairi lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Motohomu nyingi zinakaa miezi zimepaki juani, kashata za tairi ziko vilevile nzuri, unaona jipya, kumbe mpira umeshakauka na una nyufa ndogondogo. Likipasuka ukiwa kwenye mwendo mkali na mzigo juu yako, huwezi kuliita pancha. Matairi yetu sita (nyuma yanakaa mawilimawili) yalikuwa ya umri mzuri isipokuwa moja la ndani, lile ambalo huwezi kuliona mpaka uingie chini na tochi ya simu. Nikakataa gari mpaka libadilishwe. Tukapoteza saa mbili na nusu. Kampuni haikubisha hata kidogo, walibadilisha, tena yule fundi alinipa mkono. Aliyebisha ni meneja wetu.

Dallas kwenda Denver ni karibu maili 800. Tulifanya siku mbili na hakuna aliyelalamika sana kwa sababu shoo ilikuwa kesho yake. Kule juu ya Amarillo ni tambarare mpaka macho yanachoka, hakuna mti, hakuna kilima, na upepo unavuma kutoka pembeni mchana kutwa. Gari dogo unasikia tu kelele ya upepo dirishani. Motohomu ubavu wake ni ukuta wa mita 9 kwa 3, yaani umeshikilia tanga la jahazi bila kuwa na jahazi. Lori likija kukupita, kwanza linakusukuma nje, halafu likishakuvuka linakuvuta kwake. Dereva mgeni anashtuka, anapiga usukani kinyume, na hapo ndipo nyumba inapoanza kucheza. Dawa yake haina siri. Punguza mwendo, shika usukani kwa mikono miwili bila kuukaba, acha lori lipite. Wyoming, kwenye ile barabara kuu ya 80, upepo ukizidi wanafunga njia kabisa kwa magari mepesi yenye mwili mrefu kwenda juu. Motohomu ndizo za kwanza kuzuiwa.

Kwenye kipande hicho nilikuwa na maili 60 kwa saa, kama kilomita 96. Nasikia nyuma yangu harufu ya vitunguu. Nikatazama kioo cha ndani: dansa mmoja kasimama, kawasha gesi, anapika tambi, sufuria linatokota. Mwenzake kakaa juu ya meza ya chakula anamshikia simu wanarekodi "maisha ya tua". Nikatafuta sehemu pana, nikatoka barabarani taratibu, nikazima injini.

Niliwaambia hivi. Mikanda ipo saba na sisi tupo saba. Gari likitembea gesi imefungwa, kila mtu amekaa kwenye kiti chenye mkanda, na kitanda cha juu ni cha kulalia tukiwa tumepaki. Nikikanyaga breki kwa nguvu nyumba itasimama, ila wewe na sufuria lako mtaendelea na safari kwa mwendo uleule mpaka mkutane na kioo cha mbele. Yule dansa, binti mdogo wa miaka 22, akazima jiko bila neno. "Samahani kaka dereva." Staa akabaki kitandani. Alisema yeye kichwa kinamuuma, hawezi kukaa. Nikamjibu basi na mimi sitawasha. Tulikaa pale kama dakika kumi, upepo unatutikisa, hakuna anayeongea, kisha akashuka akafunga mkanda akaweka miwani ya jua. Nimewaeleza hili kwa sababu kwenye klipu mnamwona yupo juu kitandani gari likitembea. Huko tutafika.

Shoo ya Denver ilikuwa moto, hilo nisiibe. Jamaa akipanda jukwaani ni mtu mwingine kabisa, na watu waliimba kila neno. Ila walimaliza saa tisa usiku, na mipango yangu ya kuondoka saa 2 asubuhi ikafa pale pale. Saa 4 nagonga milango ya hoteli. Saa 5 staa anataka viatu, kuna duka kaliona Instagram. Tumeondoka Denver saa 6 mchana. Salt Lake City ni maili 500 na ushee kupitia barabara kuu ya 70, katikati ya milima ya Rocky, na tangazo la shoo linasema saa 4 usiku.

Fanya hesabu mwenyewe. Hata gari dogo lingekuwa na presha.

Kutoka Denver unapanda tu. Motohomu inapanda kama mzee anayepanda ngazi za ghorofa ya sita, injini inalia, unakaa njia ya kulia na malori wenzako unawasha taa za tahadhari, huna haraka maana huna uwezo wa kuwa nayo. Unafika handaki la Eisenhower, kama mita 3,400 juu ya bahari. Kwa waliopanda Kilimanjaro kwa njia ya Marangu, hapo umeshapita Mandara unaelekea Horombo, ila wewe uko ndani ya gari na friji yako. Handaki lina kama kilomita 2.7. Ukitokea upande wa pili barabara inadondoka. Kilomita kama 13 mpaka mji wa Silverthorne, na unashuka zaidi ya mita 600.

Marehemu baba yangu mdogo aliendesha semi kati ya Dar na Tunduma miaka mingi. Alikuwa na msemo wake wa mlima Kitonga: mlima unashukwa kwa gia uliyopandia. Waliopita pale Iringa wanajua, na wameona pia mabaki ya wale walioachia gari lishuke lenyewe ili kubana mafuta. Fizikia ya Kitonga na ya Rocky ni moja. Ukishuka kwa kutegemea breki peke yake, zinapata moto, zikizidi moto zinapoteza nguvu, pedali inakuwa laini kama unakanyaga mto wa kulalia, na hapo huna tena la kufanya. Ndio maana pembeni ya ule mteremko wamejenga njia za dharura za changarawe zinazopanda mlimani, kwa ajili ya lori ambalo breki zimekufa. Liingie mule lizame lisimame.

Kwa hiyo kabla hata sijaanza kushuka nilibonyeza kile kitufe cha kubebea mzigo, nikashusha gia, nikaiacha injini ifanye kazi ya kutuzuia. Breki unakanyaga kwa kudhamiria, unapunguza maili tano, unaachia zipoe. Hukai umeweka mguu juu yake njia nzima. Tulikuwa tunashuka kwa maili 40. Malori yaliyojaa yalikuwa polepole kuliko sisi. Magari madogo yalikuwa yanatupita kama mishale, ikiwemo Subaru moja iliyokuwa inaendeshwa na bibi mwenye nywele nyeupe peee.

Ndio huyo bibi kizee wa kwenye klipu! Staa alikuwa amefungua mkanda nikiwa nimekazana na mteremko, akapanda juu kimyakimya, akawasha kamera. Katikati ya mteremko sikuwa na pa kusimama. Nilisikia tu kicheko. Tulipofika chini Silverthorne nikaegesha kwenye kituo cha mafuta na ndipo tukagombana kwelikweli.

Meneja ndiye aliyeanza. "Boss, promota kapiga mara nne. Huko mbele ni tambarare, bango linaruhusu 75, Utah kuna mpaka 80. Wewe unaenda 60, 65. Una tatizo gani? Kama ni faini tutalipa sisi."

Nikamtolea hesabu kwenye simu, na nawapa na ninyi. Chukua maili 200 za tambarare. Kwa 80 unatumia saa mbili na nusu. Kwa 65 unatumia saa tatu na dakika tano hivi. Tofauti ni dakika 35. Na hiyo ni kama hukusimama kuongeza mafuta, wakati dude hili linakunywa lita moja kwa kilomita tatu na nusu au nne ukiwa mpole, na ukilikimbiza dhidi ya upepo linakunywa zaidi. Dakika 35, staa alizimaliza Denver kwenye kioo cha duka la viatu. Kutoka 65 kwenda 80, nguvu ambayo breki zinatakiwa kuimeza inaongezeka kwa nusu nzima. Bango la 80 ni kikomo cha juu tena limeandikwa kwa wote, na Mercedes ya mtu mmoja imo humo. Halijui kama wewe umebeba jiko. Halafu faini wanalipa wao, rekodi inabaki yangu. Mwenye leseni ya malori akikamatwa na mwendo mkali inamfuata mpaka kazini, hata kama siku hiyo alikuwa kwenye gari la starehe. Huku hakuna wazee wa tochi wa kuwaambia "afande tuelewane".

Staa hakuwa anasikiliza. Alimgeukia hype man wake. "Mwana, si unajua kuendesha? Chukua usukani."

Hype man ni kijana mzuri, mcheshi, nampenda. Anaendesha IST yake Sinza. Asubuhi ileile ndiye aliyetaka nipitishe motohomu kwenye njia ya dirisha la kununulia chakula, nikamwonesha bango la urefu lenye futi 9 na paa letu lenye karibu 12. Nikaweka ufunguo mfukoni. Nikasema mkataba wa kukodi una jina moja tu la dereva, la kwangu. Akiendesha mwingine bima haipo, na ikitokea lolote mtu wa kwanza kutafutwa ni mimi, wa pili ni yeye, kijana mwenye viza ya wiki tatu. Nyinyi mtakuwa mmeshapanda ndege. Kama mnataka kufika mapema, hapa kuna mtandao, agizeni gari dogo, mimi nitawaletea mizigo.

Kimya. Nilikuwa nimesimama kati ya mlango na kiti cha dereva, mtu wa kilo 70, mbele yangu wanaume wanne waliokasirika, kwenye nchi ambayo ukipaza sauti kituo cha mafuta watu wanapiga polisi. Sitawadanganya kwamba sikuogopa. Nilifikiria pia nusu ya hela yangu iliyobaki kwa meneja. Kilichoamua ni yule dansa wa tambi. Alipita katikati yao, akakaa kiti chake, akafunga mkanda, ule mlio wa "tak" ukasikika. Mwenzake akafuata. Hype man akasema, "Mwanangu mimi hilo li-ghorofa siliwezi bana," akakaa na yeye.

Tukaendelea. Kwenye tambarare nilikaa 65, njia ya kulia, nafasi ya kutosha mbele. Kila saa mbili nasimama dakika kumi, nakunywa maji, nazunguka gari nashika kila tairi na kofia za magurudumu kwa mgongo wa mkono kuona kama kuna lenye joto kuliko wenzake. Hakuna aliyezungumza na mimi. Mandhari ya pale mpakani mwa Colorado na Utah ni miamba myekundu mpaka upeo wa macho, watu wanalipa kuja kuiona, sisi tulipita kama gari la msiba.

Baada ya Green River unaacha barabara kuu ya 70, unachukua namba 6 kuelekea Price. Sehemu kubwa ni njia moja kwenda na moja kurudi, inapinda kwenye korongo, na giza lilikuwa limeshaingia. Bango 65. Mimi 50, kilomita 80. Usiku hoja yake ni fupi: taa zako zinamulika umbali fulani, na ukihitaji umbali mrefu kuliko huo ili kusimama, unaendesha gari ukiwa umefumba macho. Kutoka 50 kwenda 65 umbali wa breki pekee unaongezeka karibu asilimia 70. Kuna mabango ya wanyama njia nzima. Waliopita Mikumi usiku wanaelewa, wamewekewa 50 za kilomita mle hifadhini na faini ya mnyama juu yake, na bado watu wanakanyaga.

Ilikuwa kama saa tatu na nusu. Kona ya kushoto, ukuta wa mwamba kulia. Kulungu watatu katikati ya barabara, na wa kwanza amesimama ananitazama, macho yanawaka kama taa za pikipiki. Sikupiga usukani. Nyumba ya tani sita hukwepi nayo kitu kwenye kona, unaipindua. Nilikanyaga breki moja kwa moja mpaka chini nikiwa nimenyoosha usukani. Kila kitu ndani kilikuja mbele: mabegi, viatu vipya vya Denver na maboksi yake, laptop ya DJ. Droo zikafunguka. Gari likasimama. Yule kulungu alikuwa umbali wa kama sebule mbili hivi. Alituangalia, akaruka ukingo, wenzake wakamfuata bila haraka.

Hakuna aliyeumia. Watu sita, mikanda sita, na staa alikuwa mmoja wao, maana baada ya Silverthorne hakupanda tena juu. Laptop ilikuwa imetua pale ambapo kichwa chake kingekuwa kimetua kama angekuwa kitandani. Nikawasha taa za tahadhari, nikasogea polepole mpaka sehemu pana, nikashuka kukagua. Alishuka na yeye. Tulisimama gizani, korongo limenyamaza, injini inatoa vile vimlio vya chuma kinachopoa. Akaniomba sigara. Sivuti. Akasema "poa", akarudi ndani. Hayo ndiyo mazungumzo yetu yote kuhusu lile jambo mpaka leo.

Salt Lake City tumeingia saa 5 na dakika 20 usiku. Tumechelewa saa moja na dakika 20, nakubali. Ukumbini kulikuwa na watu wasiofika thelathini na fundi mitambo alikuwa bado anatafuta waya. Mnatujua wenyewe, tangazo la saa 4 watu wanaanza kuoga saa 5. Staa kapanda jukwaani saa 7, shoo ikaisha alfajiri, hakuna aliyerudishiwa kiingilio.

Klipu ilitoka wiki mbili baadaye, wakiwa Dar, wakati wimbo mpya unatoka. Kiki ni kiki, naelewa biashara. Nusu ya pili ya malipo nilikatwa, meneja aliandika "fidia ya ucheleweshaji". Jamaa yangu promota alinipa kidogo kutoka mfukoni mwake, nyingine sijaiona.

Najua kuna watakaosema namharibia brand. Simchafui. Wimbo wake upo kwenye simu yangu na nausikiliza nikiwa kazini. Na kwa wale mnaonitumia DM mkiuliza kuhusu kukodi motohomu mkija huku, au zile Land Cruiser za hema juu ya paa zinazokodishwa Arusha: mnakodi bila tabu, ila mmoja wenu aende siku moja kabla, alizungushe kwenye uwanja mtupu, ajue mkia unafagia wapi akikata kona na breki zinashika baada ya hatua ngapi. Na mkubaliane kabla hamjatoka kwamba aliyeshika usukani ndiye anayechagua mwendo, hata kama aliyelipa ni mwingine.

Yule dansa wa tambi tunawasiliana bado. Wiki iliyopita alinitumia picha kutoka stendi ya Magufuli, Mbezi, kainama pembeni ya basi, watu nyuma wanamshangaa. "Kaka, hii 1214 ndo nini?" Nikamwandikia wiki ya 12, mwaka 2014. Akajibu kwamba konda kamwambia tairi linaonekana jipya kabisa, na yeye kashaomba arudishiwe nauli, wamemrudishia pungufu ya elfu mbili. Akapanda la saa 6. Morogoro alifika salama, ila anasema lile la mwanzo pia lilifika, na konda wake kila akimwona anamwita mkaguzi.